Uzi: Treni ikiacha reli, ni nini kinashika mabehewa?

1/ Kila treni ikiacha reli, mjadala wetu hufuata njia ileile. Mmoja anasema mabehewa ni ya kizamani, tununue mapya. Mwingine anasema ni hujuma. Wa tatu anasema pesa ya ukarabati ililiwa. Wiki mbili baadaye tumehamia jambo lingine. Leo, kama kawaida ya nyuzi hizi, sitataja mtu wala chama. Nataka tuangalie chuma kimoja ambacho sijasikia kikitajwa kwa jukwaa hata siku moja: kile kinachoshikanisha behewa na behewa.

2/ Mbona hicho? Mjomba wangu alifanya kazi ya kuunganisha mabehewa yadi miaka mingi. Alistaafu akiwa amepoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Tukiwa watoto alikuwa anatuambia, "Watu huangalia injini. Mimi naangalia mahali pameshikana." Nilimwelewa baadaye sana, nilipoanza kupanda treni ya asubuhi kuingia mjini, watu wamejaa mpaka mlangoni, na treni ikiondoka unasikia ule mshtuko unatoka mbele, behewa kwa behewa, hadi unakufikia.

3/ Kwanza tuelewane kwa lugha. Sisi wengi tukisema "bogi" tunamaanisha behewa, ile nyumba ya abiria. Kwa fundi, bogi ni ule mkokoteni wa magurudumu ulio chini ya behewa. Kwa kawaida behewa moja lina bogi mbili. Nitatumia "behewa" kwa nyumba na "bogi" kwa magurudumu. Kile chuma cha kushikanisha nitakiita kiunganishi. Mafundi wengi wanakiita kaplingi.

4/ Kiunganishi kina kazi mbili ambazo wengi wetu tunaona ni moja. Treni ikivutwa, kinazuia mabehewa yasiachane. Breki ikishikwa, au mbele ikigonga kitu, kinabeba msukumo wa mabehewa yote ya nyuma. Kuvuta si shida kubwa. Ukivuta kamba inanyooka. Ukiisukuma inajikunja. Treni nayo ni hivyo hivyo. Hatari kubwa huja wakati nyuma inasukuma mbele.

5/ Hebu tupige hesabu ndogo. Tuseme behewa lina tani 40 na treni ina mabehewa 10. Hizo ni tani 400. Behewa la kwanza likisimama ghafla, tani 360 bado zinakuja. Na kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya mwendo huongezeka mara nne, si mara mbili. Kwa hivyo treni inayokimbia kilomita 100 kwa saa ina nguvu mara nne ya ile ya kilomita 50. Hiyo nguvu lazima iende mahali. Ama iliwe na breki, ama ikunje chuma, ama iwafikie watu.

6/ Kuna njia tatu ambazo nguvu hiyo huua watu. Ya kwanza: behewa moja linapanda juu ya sakafu ya lingine na kuingia ndani yake, kama droo. Ya pili: mabehewa yanajikunja huku na huku, yanalala kwa njia kama herufi Z, na ubavu wa moja unagongwa na lingine. Ya tatu: behewa linapinduka, madirisha yanavunjika, watu wanarushwa nje. Kiunganishi kizuri hupigana na zote tatu. Kibaya huzisaidia.

7/ Historia kidogo. Zamani Marekani mabehewa yaliunganishwa kwa pete na pini. Mfanyakazi anasimama katikati ya mabehewa mawili yanayokaribiana, anaelekeza pete kwa mkono, anaingiza pini. Akichelewa kidogo, vidole vimeenda, au yeye mwenyewe ameenda. Mwaka 1873 Eli Janney alipata hataza ya kiunganishi kinachojifunga chenyewe. Fikiria mikono miwili iliyokunja vidole ikishikana. Mabehewa yakigusana, vinafunga.

8/ Sasa sikia hii. Ilichukua miaka 20 kutoka hataza hiyo mpaka sheria ya Marekani ya 1893 iliyolazimisha makampuni ya reli kuweka viunganishi vya kujifunga pamoja na breki za hewa. Teknolojia ilikuwa imepatikana. Kilichokosekana ni mtu wa kulazimisha. Mkisikia mtu akisema soko litajirekebisha lenyewe kwa mambo ya usalama, kumbukeni hiyo miaka 20, na vidole vilivyoenda katikati yake.

9/ Lakini kiunganishi cha kujifunga nacho si kimoja. Kile cha kawaida cha mizigo kina nafasi ya kucheza. Kinaweza kuteleza juu na chini, na ndio maana unasikia ule mshtuko treni ikianza. Kwa mizigo nafasi hiyo inasaidia: injini inaanza kuvuta behewa moja baada ya lingine, si yote kwa mpigo. Kwa abiria ni hatari. Behewa likirushwa juu kidogo, vile vyuma vinateleza na kuachana, na hapo ndipo behewa linapopata nafasi ya kupanda juu ya lenzake.

10/ Kwa hivyo treni za abiria nyingi zilipewa aina inayobana. Haina mchezo, haitelezi juu na chini, na ina meno yanayoingiliana. Faida yake kubwa: behewa moja likianza kuinama, majirani wawili wanalishika wima. Ni kama watu watatu wameshikana mabega kwenye matope. Mmoja akiteleza, wengine wanamzuia. Mabehewa yanaacha reli lakini yanabaki yamesimama kwa mstari, na watu wanatoka kwa miguu yao.

11/ Wafaransa walienda mbele zaidi. Kwenye TGV, mabehewa mawili yanakalia bogi moja iliyo katikati yao. Huwezi kuyatenganisha bila karakana. Tarehe 21 Desemba 1993, TGV ilipita juu ya shimo lililofunguka chini ya njia, mahali palipokuwa na mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia na mvua ikapalegeza. Kasi ilikuwa karibu kilomita 294 kwa saa. Sehemu ya nyuma iliacha reli. Treni ikabaki wima mpaka ikasimama. Hakuna aliyekufa.

12/ Ilitokea tena 5 Juni 2000 karibu na Croisilles, kaskazini mwa Ufaransa. Eurostar ya kutoka Paris kwenda London iliacha reli ikiwa kwa kasi kubwa baada ya kifaa cha chini ya injini kulegea. Ikabaki wima. Hakuna aliyekufa. Ukisikia mwanasiasa wa nchi yoyote akisema "treni ya kisasa haiuui mtu", mara nyingi anategemea mifano kama hii miwili. Ni mifano ya kweli. Lakini haijamaliza hadithi.

13/ Kwa sababu kuna Eckwersheim. Tarehe 14 Novemba 2015, TGV ya aina hiyo hiyo ya mabehewa yaliyoungana ilikuwa kwa majaribio mashariki mwa Ufaransa. Iliingia kona kwa kasi kupita kiasi. Ikaruka nje, ikakatika, vipande vingine vikaingia kwenye mfereji. Watu 11 walikufa. Kiunganishi kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni kasi na kona. Kiunganishi hukusaidia wakati treni bado ina mahali pa kuteleza ikielekea mbele. Kona ikishaitupa nje, hakuna chuma cha kuishika.

14/ Hapa kuna hoja ambayo hupendwa sana kwa mijadala: "Mabehewa yalishikana sana, ndio maana yakaburutana. Yangekatika, la kwanza lingeanguka peke yake." Si hoja ya kijinga. Kwenye ukingo mrefu au daraja, behewa zito linaloanguka linaweza kumvuta jirani. Lakini mahali pa kawaida, kukatika huleta shida nyingine: behewa lililoachwa halina wa kulielekeza. Linageuka ubavu, na la nyuma linaligonga pale palipo dhaifu zaidi. Ndio maana wahandisi wengi huchagua kushikanisha.

15/ Na treni ikikatika, lazima isimame yenyewe. Hili lililipiwa kwa damu. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh, Ireland, treni ya matembezi iliyojaa watoto ilishindwa na mlima. Wakaikata vipande viwili ili wapandishe nusu kwanza. Nusu iliyobaki haikuwa na breki za kujifunga, ikarudi nyuma ikagonga treni iliyokuwa inakuja. Karibu watu 80 walikufa. Mwaka huohuo Uingereza ikapitisha sheria: kila treni ya abiria iwe na breki zinazojifunga zenyewe treni ikikatika.

16/ Inavyofanya kazi ni hivi. Bomba la hewa linapita chini ya treni nzima, behewa hadi behewa, kando ya kiunganishi. Hewa ikiwa imejaa, breki zimeachiliwa. Mabehewa yakiachana, bomba linakatika, hewa inatoka, breki zinashika pande zote mbili. Kwa hivyo kiunganishi na bomba ni ndugu. Ukikagua kimoja bila kingine, hujakagua.

17/ Majirani zetu wanajua uchungu wa breki. Tarehe 24 Juni 2002, Igandu, mkoa wa Dodoma, Tanzania, treni ya abiria ilikuwa inapanda mlima. Breki zikashindwa, ikarudi nyuma kwa kasi, ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Hapo hata ungeweka kiunganishi bora zaidi duniani kwa kila behewa, bado ungekuwa na treni nzima inayoteremka kinyumenyume bila kitu cha kuisimamisha.

18/ Na hii ndio ningependa kila mtu anayeshabikia "ongeza mabehewa" wakati wa sikukuu aisome mara mbili. Tarehe 21 Oktoba 2016, barabara ya kati ya Yaoundé na Douala, Kamerun, ilikatika. Watu wakakimbilia treni. Treni ambayo kwa kawaida ilikuwa na mabehewa 9 ikaongezewa 8. Ikaacha reli Éséka, mabehewa yakapinduka. Hesabu rasmi ya waliokufa ni 79. Uchunguzi ulitaja kasi kupita kiasi, mzigo na hitilafu za breki.

19/ Kuongeza mabehewa kunaonekana kama huruma kwa wananchi. Na ni kweli watu wamekwama, wanataka kufika nyumbani. Lakini kila behewa linaloongezwa ni tani zaidi za kusukuma kutoka nyuma, viunganishi zaidi vya kukaguliwa, na urefu zaidi wa bomba ambao hewa lazima isafiri kabla breki ya mwisho haijashika. Swali halipaswi kuwa "mbona hamjaongeza?" Swali ni: nani alikagua, saa ngapi, na alitia sahihi wapi?

20/ Mfano mwingine wa msukumo, na huu unahusu ng'ombe. Tarehe 30 Julai 1984 karibu na Polmont, Scotland, treni ilikuwa inasukumwa na injini ya nyuma, behewa jepesi likiwa mbele. Likagonga ng'ombe aliyeingia njiani. Behewa la mbele likaacha reli huku injini nzito bado inasukuma. Watu 13 walikufa. Ng'ombe mmoja, ua uliobomoka, na msukumo. Sisi ambao njia zetu zinapita malishoni na katikati ya Tsavo, ua na njia za wanyama kupita chini ni vifaa vya usalama wa abiria, si mapambo.

21/ Sasa turudi kwetu. Mwishoni mwa Januari 1993, treni ya usiku kutoka Nairobi kwenda Mombasa ilifika daraja la mto Ngai Ndethya. Mafuriko yalikuwa yamelibeba. Injini na baadhi ya mabehewa yakaingia mtoni. Zaidi ya watu 100 walikufa. Wazee wengi wa njia hiyo bado wanaikumbuka. Hakuna kiunganishi kinachoweza kuchukua nafasi ya daraja. Kilichohitajika usiku ule ni mtu wa kuiona njia kabla treni haijafika, na njia ya kumwambia dereva asimame.

22/ Ndio maana sikubaliani na pande zote mbili za mjadala wetu. Anayesema "mabehewa mapya ndio dawa" anasahau Ngai Ndethya, Igandu na Éséka: daraja, breki, kasi na mzigo. Anayesema "mabehewa hayana maana, shida ni reli tu" anasahau wale waliotoka kwa miguu yao kwenye ile TGV ya 1993. Reli, breki na kasi huamua kama treni itaanguka. Viunganishi na mwili wa behewa huamua ni wangapi watarudi nyumbani ikishaanguka. Ni bajeti mbili tofauti, na zote mbili zinahitajika.

23/ Na usidanganywe na neno "jipya" wala "lililotumika". Behewa lililotumika lenye kiunganishi kinachobana na rekodi kamili ya ukarabati ni bora kuliko jipya ambalo hakuna aliyefunzwa kulikagua. Vilevile, ukinunua treni kutoka nchi tatu, unaweza kujikuta na viunganishi vya aina tatu visivyoshikana. Siku moja ikikwama porini, injini ya kuivuta haiwezi kuishika bila kifaa cha kati. Kifaa hicho kiko wapi? Kama hakuna anayejua, abiria watalala huko.

24/ Hatfield, Uingereza, ndio mfano ninaoupenda kwa watu wa bajeti. Tarehe 17 Oktoba 2000 reli yenye nyufa ilivunjika vipandevipande chini ya treni iliyokuwa kwa kilomita 185 kwa saa. Watu 4 walikufa, wote kwenye behewa la mgahawa, lililopinduka na kugonga nguzo. Kwa kasi ile, 4 ni idadi ndogo. Lakini ule ufa ulikuwa unajulikana kabla. Kubadilisha reli kuliahirishwa. Hao 4 hawakuhitaji treni mpya. Walihitaji kazi iliyoahirishwa ifanywe.

25/ Kwa hivyo mkutanoni au redioni, mtu akianza kuongea juu ya ajali ya treni, muulize haya:
a) Mabehewa haya yana kiunganishi cha aina gani, kinachobana au kinachocheza?
b) Kilikaguliwa mwisho lini, na rekodi iko wapi?
c) Breki zilipimwa kabla ya safari, treni ikiwa na mabehewa yote yaliyoongezwa?
d) Kasi ilikuwa ngapi, na kikomo cha pale ni ngapi?
e) Anayechunguza ndiye anayeendesha treni, ama ni mtu huru?
f) Ripoti itachapishwa lini, na nani atalazimishwa kutekeleza?

26/ Swali la (e) ndilo zito kuliko yote. Uingereza ilianzisha kitengo huru cha kuchunguza ajali za reli, kikaanza kazi mwaka 2005. Tarehe 23 Februari 2007 treni iliacha reli Grayrigg kwa kilomita karibu 153 kwa saa ikateremka kwenye tuta. Mtu mmoja alikufa. Mwili wa treni ulishikilia vizuri. Lakini ripoti haikuishia kusifu treni. Ilisema wazi kwamba njia panda ya reli haikutunzwa inavyofaa. Anayejichunguza mwenyewe ni nadra kuandika sentensi kama hiyo.

27/ Najua mtu atauliza, "Na hujuma je?" Inawezekana. Watu huiba chuma cha reli, na hilo ni kosa la jinai linalohatarisha maisha. Lakini hujuma huthibitishwa kwa ushahidi: bolti iliyofunguliwa, alama za msumeno, picha za eneo kabla hapajasafishwa. Ukisikia neno hujuma saa mbili baada ya ajali, kabla mhandisi hajafika, jua hiyo ni kauli ya kisiasa. Subiri chuma kiongee.

28/ Mjomba alifariki miaka michache iliyopita. Mara ya mwisho tulipanda treni pamoja, kabla ya kuingia alitembea mpaka mahali mabehewa mawili yameshikana, akainama, akaangalia kidogo, akasema "Haya, twende." Mimi na wewe hatuwezi kukagua hivyo. Tunalipa watu watukagulie. Kazi yetu ni kuuliza kama walikagua, na kuendelea kuuliza hata baada ya zile wiki mbili.

29/ Uzi umeisha. Kama unafanya kazi ya reli na kuna mahali nimekosea, nirekebishe hapa chini, nitabandika marekebisho juu. Kama una swali, uliza, lakini majina ya watu na vyama yaacheni nje. Uzi ujao: kwa nini bei ya kilomita moja ya reli hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, na ni mambo gani huwa yamefichwa ndani ya hiyo bei.